Mpiga gita nataka kuhamia chumba cha kurekodi, kwa Dar hii nianzie wapi?

Rizimu wa Tabata

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni mpiga gita la rizimu. Nimepita bendi mbili tatu za hapa mjini: Ijumaa hotelini, Jumamosi harusi, Jumapili kanisani. Mkono bado uko vizuri, ila kukesha kumenichosha na nyumbani kuna mtoto mchanga. Halafu kuna hili: bendi ikienda studio, wenzangu wakimaliza sehemu zao wanatoka kutafuta chai, mimi nabaki nyuma ya kiti cha prodyuza nachungulia anagusa nini. Nimechungulia vya kutosha. Nataka iwe kazi yangu, injinia wa kurekodi kabisa, kazi inayolipa kodi ya nyumba na ada ya shule huko mbele.

Nilichonacho ni laptop, intafesi ya matundu mawili (kile kisanduku cha kuingizia maiki kwenye kompyuta), maiki moja ya kondensa ya bei ya chini na hedifoni. Natumia programu ya kurekodi ya Reaper, leseni yake dola 60, mfuko wangu uliiweza. Chumba ni kimoja hapa Tabata, tofali na bati, na jirani ana mashine ya kukoboa.

Sasa nashindwa kuamua. Nikope ninunue maiki na spika za maana? Nirudi shule? Niombe kukaa chini ya mtu? Na linalonikosesha usingizi ni hili: kila mtaa una prodyuza, wengine wanatoa wimbo kwa hela ya chipsi mayai na soda. Mimi nitakula wapi?

Naomba kuwasilisha. Matusi pitieni PM.

Kiti cha Mbele

Ngoja nikae hapa, wajuvi wako njiani.

FL wa Manzese

Mkuu sitaki kukuvunja moyo ila nitasema ukweli. Mteja wa siku hizi hajui maiki wala hataki kuijua. Anakuja na biti yake kwenye simu, anaingiza sauti, ndani ya saa mbili wimbo uko WhatsApp anawarushia washkaji. Ukimwambia habari ya kupima chumba anakuona unamchelewesha.

Angalia singeli. Pale Mburahati, studio ya Sisso, kompyuta za kawaida tu na vijana wenye njaa ya kazi. 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala wakakusanya ngoma zao wakazitoa, vijana wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga Ulaya. Nani aliuliza ukuta una godoro au hauna?

Ushauri wangu: wewe una mkono wa gita, jifunze biti, weka magita yako humo ndani uwe na ladha ambayo mwingine hana. Injinia wa kurekodi peke yake Bongo ni cheo cha kujipa.

Mtu wa Sinza

FL umemjibu swali ambalo hakuuliza. Yeye anataka kurekodi, wewe unamwambia apike biti. Ila hapo kwa gita umesema kweli.

Bi Feda

Rizimu, karibu kaka yangu. Mimi nilianzia kwaya, sauti ya pili, leo kazi yangu ni kurekodi. Kwa hiyo njia unayoiulizia naijua mashimo yake.

FL anasema kweli kuhusu soko lake. Soko la mtu mmoja, maiki moja, biti iliyokwisha pikwa, limejaa hadi mlangoni, na wewe mwenye mtoto huwezi kushindana bei na kijana anayelala studio. Ila jiulize: hapa Dar, kwaya ya watu arobaini ikitaka kurekodi wakiimba kwa pamoja, inampigia nani? Bendi ya hoteli yenye drams, tumba, besi, magita mawili, domo la bata (saksafoni) na waimbaji watatu ikitaka kurekodi kama inavyopiga jukwaani, je? Kikundi cha taarab chenye fidla, kanuni na akodiani? Watu wenye kompyuta ni maelfu. Wenye uwezo wa kukaa na watu kumi chumba kimoja na kutoka na kitu kinachosikilizika, majina yao yanajulikana, na wana kazi.

Na huko mwanamuziki ana mtaji ambao prodyuza wa biti hana. Wewe ukisikia rizimu na besi vinapishana, unajua ni mkono wa nani umechelewa kabla hujaangalia skrini. Ukiambiwa "turudie kutoka kwenye kiitikio cha pili" hupotei. Ukimwona mwimbaji anakunja shingo unajua ufunguo umempanda, unashusha nusu toni mapema kabla sauti haijakatika. Hivyo havifundishwi kwenye video.

Usikope. Nitarudi kueleza, niko kwenye foleni Mwenge.

FL wa Manzese

Sawa dada, lakini hizo bendi zenye hela ya kurekodi ziko ngapi mji huu? Tuanzie hapo.

Babu Mitambo

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Nimestaafu, lakini nimekaa nyuma ya mitambo tangu enzi za utepe.

Namuunga mkono binti yangu hapo juu, na nitaeleza tulivyofika hapa. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, NUTA Jazz, Maquis, Mlimani Park baada ya kuundwa 1978, wote walirekodi kwa mtindo mmoja: bendi nzima chumba kimoja, utepe unazunguka. Hakuna cha "solo nitaingiza kesho". Mpiga tarumbeta akiteleza mwisho wa kibao, mnaanza upya wote, na waimbaji wanamtazama kwa jicho baya. Maiki zilikuwa chache, kwa hiyo kusawazisha kulifanywa kwa miguu. Tarumbeta imezidi? Mpigaji anarudi hatua mbili nyuma. Mwimbaji wa tatu hasikiki? Anasogea. Spika ya besi inageuzwa itazame ukuta usio na maiki. Fundi mitambo mzuri alikuwa anakwenda mazoezini kabla, anakijua kibao kama mpigaji, anajua solo inaingia wapi, kidole kiko kwenye feda, kile kitelezi cha kupandisha sauti, kabla mpigaji hajagusa waya. Sahani zilikwenda kuchapwa Nairobi, hapa hatukuwa na kiwanda, lakini sauti yenyewe ilikamatiwa hapa hapa Dar.

Kisha miaka ya tisini zikaja studio za vijana, MJ Records ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani, na wengine. Siwalaumu, waliufungua mlango ambao sisi wa redio hatukuweza kuufungua. Lakini mtu mmoja akawa mpiga kinanda, mtengeneza biti, fundi, mchanganyaji, mshauri wa mashairi na mhasibu. Fedha haikutosha watu watano. Mji mzima ukajifunza kazi kwa mtindo ule, mtu mmoja mbele ya maiki moja. Ufundi wa kurekodi watu wengi haukufa, ila ulikosa warithi.

Kijana, chukua rekodi za zamani za redioni za Remmy Ongala na Super Matimila, halafu chukua albamu waliyorekodi Real World kule Uingereza, ile ya 1989. Mtu yule yule, magita yale yale ya kusokotana. Sikiliza tumba ziko wapi, sauti ya chumba iko wapi, mwimbaji yuko karibu na sikio lako au yuko upande wa pili wa ukumbi. Andika kwenye daftari. Usiandike "hii nzuri, hii mbaya". Andika kila kitu kimekaa wapi. Hilo ni somo la bure, na litakufaa kuliko maiki ya kukopa.

Rizimu wa Tabata

Shikamoo Mzee wangu. Leo nimeingia darasani bila ada. Hiyo albamu naitafuta leo hii.

Bi Feda nasubiri mwendelezo dada yangu. Na swali la FL na mimi nalirudia: nani analipa?

Babu Mitambo

Marahaba mwanangu.

Bi Feda

Nimefika. Tuanze na hela kwa kuwa ndiyo inawauma.

Bendi za dansi peke yake hazikulishi, FL hapo uko sahihi. Lakini mtu anayejua kurekodi sauti halisi ana milango mingi. Kwaya, na hapa sizungumzii kwaya moja, karibu kila usharika mkubwa una zaidi ya moja na zote zinataka albamu. Matamasha ya injili yanayorekodiwa mubashara, kila chombo kwenye njia yake, yakachanganywe baadaye. Matangazo ya redio. Filamu na tamthilia, ambako picha inapendeza halafu maneno husikii kwa sababu maiki iko juu ya kamera mita nne kutoka kwa mwigizaji. Podikasti. Mashirika yanayotaka mahojiano vijijini. Mimi kuna miezi nakula muziki, kuna miezi nakula mahojiano. Ukisubiri muziki mtupu utauza intafesi.

Na uandikishane na watu. Hata ukurasa mmoja: nini kinarekodiwa, nyimbo ngapi, marekebisho mara ngapi, nani anamiliki rekodi, jina lako litaandikwa wapi, malipo ya awali kiasi gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo, lakini ofisi haitakusaidia kitu kama mlikubaliana kwa mdomo mkiwa mnakula mishikaki. Faili za mwisho hazitoki kabla malipo hayajakamilika. Mchungaji, rafiki, shemeji, wote sheria moja.

Sasa kazi yenyewe. Nitatoa mfano wa kwaya, ndiyo ninayoijua zaidi.

Unafika ukumbini mapema, peke yako. Unapiga makofi katikati, unasikiliza mwangwi unarudi kutoka wapi. Unazima feni zote, ndipo unagundua friji ya soda nyuma ya pazia nayo inanguruma. Unaangalia saa ya adhana ya msikiti wa jirani na mawingu, maana mvua ikigonga bati kazi imekwisha, hakuna programu duniani itakayoitoa. Halafu unasimamisha stendi moja ndefu nyuma ya mwalimu wa kwaya, juu kidogo ya kichwa chake, na maiki mbili ndogo za kondensa zinazofanana, vichwa vyake sentimita 17 mbali, zikitazama nje kwa pembe ya nyuzi 110. Wanaiita ORTF, jina la redio na televisheni ya Ufaransa, kule ndiko mpango huu ulikozaliwa. Ukivaa hedifoni unasikia sauti ya kwanza imekaa kushoto, ya nne kulia, na katikati hapajatoboka. Kama sauti ya tatu imezidi, usikimbilie vifundo. Nenda kawapange. Yule baba mwenye koo la ng'ombe msogeze nyuma kona, kwa heshima, mwambie unamhitaji "aifunge kwaya". Atafurahi na mlinganyo utakaa.

Hayo ndiyo yale yale ya Babu, miguu kwanza.

Mtu wa Sinza

"Aifunge kwaya" 😂😂 Bi Feda wewe ni mwanasiasa.

Bi Feda

Nusu ya kazi hii ni siasa, Sinza. Nusu nyingine ni kukunja waya vizuri.

Na kitu kingine kwa Rizimu. Mwimbaji akiwa anashuka ufunguo, kabla hujamlaumu, vaa hedifoni zake. Mara nyingi utakuta muziki uko juu mno, au amepewa mwangwi mwingi hadi hajui noti yake iko wapi. Punguza jumla, ondoa mwangwi, mpe besi na gita la rizimu zaidi, au mwambie atoe sikio moja nje. Mpiga gita ataligundua hili haraka kwa sababu naye amewahi kupiga bila kujisikia.

Kona ya Kariakoo

Naongezea hapo. Bafa nayo, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukitoa. Wengi wanaacha programu kwenye sampuli 512 au 1024 wakati wa kurekodi kwa sababu kompyuta imelemewa. Kwa 48 kHz, sampuli 256 peke yake ni milisekunde 5 na kidogo, ikiingia na kutoka inazidi 10. Sauti angani inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo mpigaji anajisikia kama amplifaya iko mita tatu na nusu kutoka alipo. Kwa mpiga kinanda wa pedi ndefu haidhuru, kwa mpiga tumba ni balaa. Rekodi kwa 64 au 128, zima madoido yote mazito, ukifika kuchanganya pandisha unavyotaka.

Rekodi kwa biti 24 (hizi ni za kompyuta, si biti za kupika), na kilele kisipite -10 dB hivi. Zile habari za kusukuma hadi karibu na nyekundu zilikuwa za utepe na biti 16. Mteja akitaka kelele utampa mwishoni, na hata hapo Spotify kwa kawaida wanashusha hadi -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, ubishi wa nani ana sauti kubwa unaishia pale.

Rizimu wa Tabata

Wakuu mmeniokoa kukopa, nawaambia ukweli.

Sasa nina swali la mezani. Bendi rafiki wamenikubalia nirekodi mazoezi yao, na nimeazimwa intafesi ya matundu manane. Drams nimepanga maiki nne: kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya (ngoma ndogo ya mbele), na ovahedi mbili juu. Nilijaribu kidogo wiki hii. Kila maiki ikisikika peke yake iko safi. Nikizifungua zote, sneya inakuwa nyembamba kama inapigwa kwenye boksi la kadibodi, na kwenye spika ya simu ndiyo inapotea kabisa. Ikwalaiza nimezungusha hadi mkono umechoka. Tatizo ni maiki zangu za bei rahisi?

Babu Mitambo

Maiki hazina kosa. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kutoka katikati ya sneya hadi ovahedi ya kwanza, halafu hadi ya pili. Tuambie umepata ngapi.

Rizimu wa Tabata

Mzee nimepigia simu mpiga drams, stendi zilikuwa bado zimesimama, amenipimia. Moja sentimita 80, nyingine 114 au 115.

Babu Mitambo

Ndiyo hiyo. Tofauti sentimita 34, yaani milisekunde moja kama alivyosema kijana wa Kariakoo. Sneya inafika maiki ya kwanza, na milisekunde moja baadaye inafika ya pili. Ukizijumlisha pamoja kwenye spika moja, Hz 500 zinakutana moja inapanda nyingine inashuka, zinafutana. Na sehemu ya mwili wa sneya, ile nyama yake, iko maeneo hayo. Ndiyo maana simu inakupa ngozi bila nyama. Hakuna ikwalaiza itakayorudisha kilichofutwa.

Sogeza stendi hadi vipimo vilingane. Glyn Johns, fundi wa Uingereza, amejulikana dunia nzima kwa kurekodi drams kwa maiki tatu nne tu, na msingi wa njia yake ndio huo, ovahedi zote mbili ziwe umbali sawa kutoka kwenye sneya. Kisha sikiliza kiki pamoja na ovahedi na ubonyeze kitufe cha kugeuza polariti (kulipindua wimbi juu chini) cha njia ya kiki. Upande utakaokupa uzito zaidi, bakia huo. Fanya vivyo hivyo kwa sneya. Dakika tano tu kabla bendi haijaanza, na unasikiliza kwa mono, spika moja.

Kona ya Kariakoo

Hapa ndipo uzi ulipofikia bei yake.

FL wa Manzese

Mzee shikamoo. Hii ya polariti nimeijaribu sasa hivi kwenye kiki zangu mbili nilizopachika pamoja kwenye biti. Nimegeuza moja, besi imerudi. Nimekaa kimya hapa.

Babu Mitambo

Marahaba. Fizikia haibagui biti.

Mama Injinia

Mimi ni fundi umeme, muziki nausikiliza tu, ila nimeona mnataja mazoezi ya bendi na mitambo ya kuazimana. Tafadhalini. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50, na ule mngurumo mnaousikia kwenye spika ni huo huo na wenzake wa Hz 100. Wanamuziki wengi wakiusikia wanakata pini ya ethi (waya wa ardhini) kwenye plagi ya amplifaya, mngurumo unakwisha, wanashangilia. Siku amplifaya ikipata hitilafu, mkono uko kwenye waya za gita na mdomo uko kwenye maiki iliyounganishwa na mtambo mwingine wenye ethi. Umeme unapita kifuani. Watu wamekufa jukwaani hivyo, nchi nyingi tu.

Lisheni kila kitu kutoka soketi moja yenye ethi nzima, tumieni nyaya za XLR, zile za maiki za pini tatu, na kwa gita la umeme wekeni kisanduku cha DI, kinachoingiza gita moja kwa moja kwenye mtambo, chenye swichi ya kutenga ethi ya waya wa sauti. Hiyo swichi ni halali. Plagi msiiguse.

Bi Feda

Asante sana Mama Injinia, hii naichapisha niibandike ukutani.

Mwanafunzi wa Mlimani

Mbona hakuna aliyejibu habari ya shule? UDSM kuna shahada ya muziki, Bagamoyo kuna TaSUBa, kile kilichokuwa Chuo cha Sanaa, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002. Huwezi kuwa injinia wa kweli bila karatasi.

Bi Feda

Mdogo wangu, shule sipingi. Nota ninazosoma nilifundishwa, sikuota. Ukiwa unarekodi taarab na mtu akakuletea karatasi ya fidla, ukaweza kusema "baa ya 24 fidla ya pili mmeingia mapema", siku hiyo umepata heshima ambayo pesa hainunui. Kwa taarab, DCMA kule Zanzibar ni mahali pa kwenda hata kwa kozi fupi. Wajerumani wana mfumo wao, Tonmeister, chuo cha Detmold tangu 1949, na chuo cha Surrey kule Uingereza wanao tangu 1970: mwanafunzi anasoma muziki na fizikia kwa uzito mmoja. George Martin mwenyewe, prodyuza wa Beatles, alisomea piano na obo kabla hajaingia kampuni ya rekodi ya EMI mwaka 1950. Kwa hiyo mwanamuziki kuingia chumba cha kurekodi si kituko.

Lakini mteja wa Dar hajawahi kuniomba cheti. Anaomba nimchezee kazi tatu nilizofanya. Rizimu ana mtoto, hawezi kuacha kila kitu miaka mitatu. Apige gita wikiendi, katikati ya wiki akae na mitambo.

Mwanafunzi wa Mlimani

Nimekuelewa dada. Ila mimi namaliza.

Bi Feda

Maliza kabisa, usicheze. Halafu nitafute.

Mtu wa Sinza

Kuhusu chumba cha Tabata, kuna anayemshauri trei za mayai?

Kona ya Kariakoo

Trei za mayai zinapendezesha picha za Instagram. Chumba cha mita tatu kinavimba Hz 57 hivi, jirani kabisa na waya wa A wa besi ulio Hz 55. Wimbi lake ni kama mita sita. Trei ya karatasi haina ubavu wa kulizuia, na godoro moja linakula sauti za juu tu, chumba kinabaki na mngurumo bila mwanga. Weka vifurushi vinene vya rockwool (sufu ya mawe) kwenye kona, sentimita 10 kwenda juu, funika kwa kitambaa. Ukishindwa gharama, changanya kwa hedifoni, kisha sikiliza kazi kwenye gari la rafiki, kwenye simu, kwenye redio ya mama ntilie. Na maiki za kondensa hifadhi kwenye boksi lenye vifuko vya silika. Joto na unyevu wa Dar unazifanya zikwaruze kama zinakaanga.

Na mashine ya kukoboa ya jirani haina dawa. Rekodi watu kwao, nyumbani kwako iwe pa kuchanganyia.

Rizimu wa Tabata

Mrejesho wadau. Jana nimepima ovahedi zote 95 kwa 95, nimegeuza polariti ya kiki, nimehamisha amplifaya ya besi iangalie pazia. Mpiga drams kasikiliza kwenye simu, kaniuliza nimetumia programu gani. Nikamwambia utepe wa cherehani.

Tumba bado zinaingia kwenye maiki ya domo la bata. Nifanyeje, niweke ubao katikati?

Babu Mitambo

Ubao utampoteza mpiga domo, hatamwona mwenzake. Maiki yako ya domo kama ni kadioidi, mgongo wake ndio usiosikia. Mpange mpiga domo hivi kwamba mgongo wa maiki unatazama tumba, halafu asogee karibu, sentimita 30 kutoka kwenye domo na juu kidogo ya mdomo wake. Zitakazobaki kuingia ziache, zitatoa harufu ya chumba. Ukizitafuta kuzimaliza zote utaishia kurekodi kila mtu peke yake.

Bi Feda

Rizimu, Jumamosi kuna kwaya Kinondoni, nahitaji mtu wa pili. Posho ya chakula na nauli, mara ya kwanza hakuna zaidi. Kazi yako ni kubeba stendi, kuandika jina kwenye kila waya, kuandika kila wimbo umeanza dakika ya ngapi kwenye faili na nani kakosea wapi, na kunakili kila kitu kwenye diski mbili kabla hatujafunga mlango. Feda hutazigusa. Njoo na tochi, tepu ya kaptula nyeupe na kalamu ya maki. Maiki yako iache nyumbani. Vaa raba zisizolia kwenye vigae.

Rizimu wa Tabata

Dada nipo. Tepu ya kaptula ndiyo ipi?

Bi Feda

Ile pana ya kitambaa ambayo mpiga drams wenu anafungia fimbo. Kibodi ya simu imenibadilishia neno, ni tepu ya kitambaa.

FL wa Manzese

Bi Feda, nafasi ya mtu wa tatu ipo? Nauli najitegemea.

Bi Feda

Ipo. Saa mbili asubuhi, si saa mbili ya studio.

FL wa Manzese

Poa. Na hiyo sentimita 17 ya maiki mnapimia nini?

Bi Feda

Rula ya shule.